Majoho Mawili ya Bakoko Bourhane

Mtaa wetu ni mdogo, umebanwa juu ya mji wa Mutsamudu, na kwa vizazi tumeteka maji baada ya watu wa Jumba Kuu, na baada ya ng'ombe wao pia. Chemchemi ilikuwa yao, bwana. Heshima yetu ilikuwa moja tu: mkuu wa Jumba akifa, mrithi hawi mrithi mpaka mzee wa mtaa wetu amvishe joho msikitini siku ya Ijumaa. Walituachia kazi hiyo kama mtoto anavyoachiwa sufuria alambe.

Basi, mamluki wakitamba Moroni, Charif, mkuu wa Jumba Kuu, akafa, akaacha wana wawili wasiopikika chungu kimoja. Mmoja, Mzé, aliishi hapa. Wa pili, Mikidache, alikuwa afisa Moroni, rafiki wa wazungu wenye bunduki.

Mzee wetu, Bakoko Bourhane, akanusa bahati. Mzé alipokuja kuulizia joho, akaambiwa bado linashonwa.

"Mpaka lini, Bakoko?"

"Uzi ni mfupi, mwanangu. Chemchemi ikiwa yetu, utarefuka."

Mzé akatukabidhi chemchemi mbele ya watu. Wanawake tulipiga vigelegele. Siku ile nilioga mara mbili, kwa kiburi tu.

Hapo tungetulia. Lakini Bourhane alikwishaonja utamu. Akapeleka salamu Moroni kwamba joho bado halina mwenyewe, na Mikidache akaahidi kutujengea barabara. Ijumaa ndugu wote wawili wakafika. Bourhane akatoa majoho mawili, akamvisha huyu, akamvisha na yule. Safu ya mbele ikaanza kurushiana makonde, nasi tuliosimama nje tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Mikidache akamleta rafiki yake mamluki asuluhishe. Mzungu akasikiliza kila upande kwa adabu, akasema penye ugomvi pawe na ulinzi, akaweka askari wake chemchemini. Hawajaondoka. Siku hizi Mzé na Mikidache wanapanga foleni na madumu, sisi nyuma yao, na mbele ya wote anaogeshwa mbwa wa mzungu. Nawachukia wote, na Bourhane zaidi.

Jana nilikwenda kwake kumtukana. Nilimkuta na utepe mkononi, akimpima mzungu mabega kwa ajili ya Ijumaa.

"Simama wima, mwanangu," alikuwa akimwambia.