Paji la Uso la Madamu Adventina

Macho ya mama yangu hayana ugonjwa. Daktari wa Muyinga aliyachungulia akasema ni mazima kama ya msichana. Kinachomsumbua ni kope. Misuli inayozunguka jicho inajikaza yenyewe, kope zinajifunga kwa nguvu, na mama yangu, Theodosia, anabaki katikati ya mihogo akipapasa hewa. Majirani wetu wa Butihinda walieneza kwamba anawakonyeza waume zao. Afadhali wangesema amerogwa; ningewaheshimu kidogo.

Dawa ipo. Ni sumu ileile ya botulini inayoweza kumuua mtu aliyekula chakula cha kopo kilichoharibika, ila imepunguzwa mno. Tone lake likichomwa kwenye msuli, msuli unalegea kwa miezi kadhaa. Inafungua kope zilizokaza, inanyoosha mkono wa aliyepooza. Na kule Gitega inafuta makunyanzi ya wanawake ambao hawajawahi kukunja uso kwa jambo lolote la maana.

Sisi tulikuwa na haraka. Tulipokuwa bado uhamishoni Tanzania, jirani yetu Leonardi alilima hadi ndani ya shamba letu. Sasa wapatanishi wa kilima, yaani wa kijiji chetu, walikuwa wanakuja baada ya majuma mawili kuutembelea mpaka, na mawe ya mpaka aliyoyazika babu yangu anayajua mama peke yake. Leonardi aliposikia habari za kope, alicheka mbele ya watu.

"Aje atuonyeshe," alisema. "Kwa macho, lakini. Mdomo kila mtu anao."

Tukaenda Gitega. Daktari Kastori ana chumba juu ya duka la vitambaa. Kichupa cha dawa akishakichanganya na maji ya chumvi, hukimaliza siku hiyohiyo, ndiyo maana huwakusanya wateja pamoja. Nafasi yetu tuliilipia mapema. Tukakuta mabibi wamejaa kwenye makochi, soda mkononi, kama wako harusini.

Na Kastori, msomi wa ng'ambo, alikigawa kichupa kile kama mtungi wa pombe ya ndizi: mkubwa ndiye anayeshika mrija kwanza. Mkubwa siku hiyo alikuwa Madamu Adventina, mke wa bwana mmoja mwenye gari la vioo vyeusi.

"Dogiteri, mi njo wa kwanza," alisema akijilaza. "Harusi ya mtoto wangu iko karibu. Sitaki hata kamustari kamoja kwa uso." Akamwona mama. "Na huyu mama? Na yeye iko natafuta urembo?"

"Natafuta mpaka wa shamba langu, bibi," mama alijibu, macho yamefumba.

"Kwa uso?"

Makochi yote yakacheka. Aliyekaa kimya ni Gulbanu peke yake, mke wa mwagizaji bidhaa, ambaye alikuja kuchomwa kwa ajili ya kipandauso.

"Kastori, mgonjwa huyu mpe kwanza," alisema. "Mimi nitangoja."

"Madamu Gulbanu, kila mtu iko na nafasi yake."

Nafasi ya mama ilikuwa ya mwisho. Adventina alikuwa amekuja na rafiki zake ambao hawakutazamiwa, na kwetu mgeni hanyimwi. Basi daktari akaongeza maji kwenye kichupa, mara ya kwanza, na mara nyingine.

"Dogiteri," nilisema, "ukizidisha maji nguvu haipungui?"

"We dada, umesomea udaktari?"

"Nimesomea Kiswahili. Lakini uji wa maji naujua."

Rafiki wa mwisho aliposhuka kitandani, nilimshika mama mkono ainuke. Adventina alikuwa keshasimama, mkoba begani, akijitazama kwenye kioo.

"Dogiteri! Na agashinguracumu yangu?"

Hicho ndicho kinywaji cha kuagana. Mgeni wa heshima akishasimama, mwenyeji humwongezea kimoja cha njiani, na asipompa amemtukana. Mabibi waliangua kicheko kwa utani huo. Kastori naye akacheka. Kisha akavuta kwenye sindano yote iliyobaki.

"Hiyo ni ya mama!"

"Kidogo tu, dada. Mutarudi mwezi kesho."

Akamchoma Adventina juu ya nyusi, kulia na kushoto. Miaka yote ya shule, na mtu huyu alikuwa anashika paji la uso na kulimiminia pombe ya kuagana.

Mpaka haukungoja mwezi kesho. Wapatanishi walifika, na mama akatoka nje, kope zimebana.

"Ehee," Leonardi akasema, "mama anatembea akiwa amelala!"

Nilisimama mbele ya mama, nikaweka vidole gumba chini ya nyusi zake, nikasukuma kope juu. Machozi yakamtiririka, misuli ikashindana na mimi, lakini mboni ya jicho ikaonekana. Nikaanza kwenda kinyumenyume, yeye akinifuata, tukipita katikati ya maharage ya Leonardi.

"Hayo si macho, ni madirisha ya gari bovu!" Leonardi alipiga kelele, na watu wakacheka.

Mama aliutazama mti wa mvumu ng'ambo ya kijito, akautazama mwamba mweupe wa juu, akanisogeza kidogo kushoto.

"Simama. Umelikanyaga."

Wakachimba chini ya kisigino changu. Jembe likalia juu ya jiwe. Tulipofika kwenye jiwe la pili, Leonardi alikuwa ameshaondoka.

Baada ya harusi ile Gulbanu alipiga simu. Kichupa kijacho ataanza mama, alisema; mimi nitaamini nikiona. Halafu akatupa habari: maji yale yote yalitambaa hadi kwenye kope, jicho la kulia la Adventina likafumba, na yeye, mama wa bwana harusi, alikaa mbele ya wageni kidole kimoja kikishikilia kope.

"Amesikia habari zenu. Anauliza Mama Theodosia alifanyaje."

Mama alichukua simu. "Mwambie mkono wake utachoka. Wale rafiki aliokuja nao si wamshikie?"

Gulbanu alicheka hadi akakohoa.

"Wale? Wale ndio waliokuwa wanapiga picha."