Jibu la Mkalimani

Kasmiri alikuwa mdomo wa Padri kwa miaka minne. Padri mwenyewe alikuwa Mwingereza mzee aliyehamishiwa Korogwe baada ya vita kwisha, na hakujaliwa ulimi wa kushika lugha ngeni. Alisema kidogo, akanyamaza, na Kasmiri, aliyesoma shule ya misheni, akayapokea maneno na kuwapa watu kwa Kiswahili au Kizigua, yakiwa yamenyooka kuliko yalivyotoka. Watu wa Masuguru, alikokaa na mkewe Filomena, walimheshimu kwa kazi hiyo, naye aliipenda heshima hiyo.

Mwaka 1950, baada ya mavuno, walikwenda Kang'ata, upande wa Handeni. Aliyewapokea alikuwa mzee Rehani, mkulima Mwislamu ambaye hakujua kumfukuza mgeni. Asubuhi Padri alihubiri penye kivuli cha ghala. Mchana, baada ya kula, usingizi ukamchukua, na Kasmiri akabaki barazani akimsaidia mwenyeji wake kupukuchua mahindi.

"Mwanangu," Rehani alisema, "sisi Isa bin Mariamu tunamjua. Ni nabii, na akitukanwa tunaumia. Leo Padri wako amesema ni zaidi ya nabii."

"Ndiyo, mzee. Padri anasema ni Mwana wa Mungu. Anasema alikufa, akafufuka, na..."

"Padri nimemsikia mpaka mwisho, tena kwa Kizigua chako kizuri. Sasa nakuuliza wewe. Wewe unasema ni nani?"

Kasmiri akafungua kinywa. Yakaja maneno ya Padri. Akayaacha, yakaja ya mafundisho ya ubatizo aliyokariri utotoni. Akayaacha nayo, yakaja ya marehemu baba yake. Kila alilolishika lilikuwa la mtu mwingine. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Nikikujibu sasa nitakudanganya, mzee. Nipe siku chache."

"Siku ni zako," Rehani akasema, akavuta hindi jingine. Hakuwa na kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Kasmiri zaidi.

Njia nzima ya kurudi alitembea nyuma, akilirudia swali lile moyoni. Padri alidhani ana homa. Nyumbani akafungua vitabu vyake vyote juu ya mkeka, na asubuhi ya pili Filomena, aliyekuwa akichambua mchicha, akamuuliza anatafuta nini. Akamweleza.

"Mbona unatafuta huko?" Filomena akasema. "Jiulize nani alikupeleka kwa Hiza."

Hiza alikuwa msimamizi katika shamba moja la mkonge. Ndiye aliyemlazimisha Ernesti, baba yake Kasmiri, kulisha majani kwenye mashine akiwa na homa kali, na mashine ikachukua vidole vinne. Kasmiri alimchukia mtu yule miaka kumi na miwili. Kisha Hiza akaugua, ndugu wakamkimbia, na Kasmiri akampelekea uji kila siku kwa wiki tatu, mpaka alipokufa.

"Nilikwenda kwa sababu Padri alihubiri habari za kusamehe," Kasmiri akajibu.

"Wiki uliyoanza kwenda, Padri alikuwa Tanga. Hukumtafsiria mtu yeyote."

Kasmiri akaketi chini. Akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mkewe. Mara mbili alifika mlangoni kwa Hiza akageuka na kibuyu cha uji mkononi. Mara ya tatu alisema kwa sauti ndogo, "Bwana Yesu, mimi siwezi. Tangulia wewe." Akaingia. Alipomwinua mgonjwa kichwa ili anywe, aliitafuta ile chuki ndani yake, na hakuikuta. Hakuwa ameifukuza; alikuta imekwisha kutolewa. Naye alijijua vizuri: hakuwa mtu mwema kiasi hicho.

Jumatatu akaazima baiskeli, akaenda Kang'ata peke yake, akalala njiani kwa jamaa huko Chanika, pale Handeni mjini. Alimkuta Rehani akiezeka paa la ghala.

"Shikamoo, mzee. Nimeleta jibu."

"Marahaba, mwanangu." Rehani akashuka ngazi, akaketi juu ya mganda wa nyasi. "Sema."

Kasmiri akamsimulia habari za Hiza bila kuficha kitu, hata zile mara mbili alizogeuka. Kisha akasema, "Nilimwita, akanisikia. Aliingia mle ndani kabla yangu, akatoa moyoni mwangu kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukitoa. Aliyekufa akaishia kaburini hafanyi hivyo. Kwa hiyo nasema yu hai, naye ni Bwana wangu. Mungu mwenyewe amenijia kupitia kwake. Hata Padri akirudi kwao kesho na misheni ifungwe, nitasema hivyo hivyo."

Rehani akatoa nyasi kwenye mikono ya kanzu.

"Mimi nitabaki katika dini yangu," akasema.

"Najua, mzee. Uliniuliza, nami nimekujibu."

"Umejibu. Siku ile niliona mtu aliyebeba barua za wenzake. Leo nimemwona mtu mwenye barua yake mwenyewe." Akasimama, akamwita mkewe aongeze unga kwenye sufuria.

Baada ya kula Kasmiri akavua shati, akapanda juu ya ghala, wakaezeka pamoja mpaka alasiri. Mwaka uliofuata alimwomba Padri amtoe kwenye ukalimani, awe mwalimu wa dini huko Chanika. Padri alisikitika, akakubali. Na Rehani, kila aliposhuka mjini na magunia yake, alipita kwanza kwa Kasmiri kunywa chai, wakabishana habari za Isa kwa muda mrefu, wala hakuna aliyewahi kuondoka na kinyongo.