Wanashukia Wapi?

Kwa miaka kumi na miwili Dereva alikuwa akipitisha lori juu ya daraja, na kila akirudi nyumbani alimsimulia mkewe jambo lile lile: watu wazima na akili zao wamekalia tyubu za matairi, wanachukuliwa na mto huku wakicheka. Mkewe, fundi cherehani, alisikiliza huku mguu ukikanyaga pedali. Siku moja akasimamisha cherehani.

"Wanashukia wapi?"

"Nani?"

"Hao watu. Mto haurudi juu. Wanashukia wapi, na wanarudije?"

Dereva hakuwahi kujiuliza.

Tangu hapo fundi hakutulia. Alikata suruali akiwaza mto, akatia uzi kwenye sindano akiwaza mto. Mwishowe akampigia wifi yake, mpishi wa shule asiyejua kunong'ona.

"Wifi, Jumamosi una kazi?"

"Inategemea unanipeleka wapi."

"Mtoni. Kukalia tyubu."

"Una wazimu wewe! Tunaondoka saa ngapi?"

Jioni hiyo wifi akaja, wakakaa sebuleni na daftari la vipimo vya wateja. Kwenye ukurasa wa nyuma fundi akaandika: basi la kwanza saa kumi na mbili na nusu, safari huchukua saa moja na robo, la mwisho kurudi saa kumi na moja. Viatu gani? Miwani ya wifi ifungwe na nini? Kisha akampigia mwanamke anayekodisha tyubu mtoni, akaweka spika. Dereva alijifanya anasoma gazeti.

"Kwa maji ya sasa mtakaa saa mbili majini," mwanamke akajibu. "Mnashukia kwenye mchanga, trekta linawarudisha juu."

"Trekta!" Wifi akapiga makofi.

"Kuogelea mnajua?"

Wakatazamana. "Hatujui," fundi akasema.

"Afadhali umesema. Mtavaa jaketi za kuokolea, na tyubu zenu zitafungwa kwa kamba kwenye ya kijana wangu anayeongoza."

Ijumaa mwanamke yule akapiga simu mwenyewe: mvua imenyesha milimani, maji yamejaa, wasije. Fundi alinuna siku nzima. Wiki iliyofuata maji yakapungua, na alfajiri ya Jumamosi wakamkuta Dereva mlangoni, kaptula imembana, kofia kichwani.

"Na mimi nataka kujua," akasema, bila kumwangalia mtu.

Majini Dereva alishika kingo za tyubu kama usukani. Kila ilipozunguka alijaribu kuinyoosha, nayo ikazidi kumgeuza, akaelea kinyumenyume. "Kaka, achia!" wifi akapiga kelele. Akaachia. Baadaye kidogo fundi alimsikia akicheka, kicheko chembamba ambacho hakuwahi kukisikia katika ndoa yao yote.

Walipofika mchangani fundi aliwatangulia kupanda trela, sketi ikichuruzika maji, akakaa karibu na mwenye trekta.

"Kule juu zaidi kuna nini?"

"Mawe, mama. Maji yanaruka. Hapo wanaanzia wanaojua kuogelea tu."

"Kuogelea wanafundisha wapi?"

Mwenye trekta akacheka, lakini fundi alikuwa amemgeukia, anamsubiri ajibu.