Mlinzi Hazimwi

Dukani kwa mjomba, tunapochapa barua na kutoa kopi, kuna kompyuta mbili. Ya mlangoni tunaiita Bi Harusi, maana kila wiki lazima ijifungie ijirembe: inajizima, inajiwasha, inasasisha mfumo wake, na wateja wamesimama. Ya ukutani ni Mlinzi. Mfumo wake ni ule wa bure, na mjomba anamwandikia siku zake kwa chaki ukutani. Jana zilifika 412 bila kuzimwa.

Ndiyo maana dada aliandika barua yake ya kuomba chuo cha uuguzi kwenye Mlinzi. Maombi yalikuwa yanafungwa jana hiyo hiyo, saa kumi kamili.

Mchana nilifungua kile kidirisha kinachoonyesha siku hizo 412, juu ya barua yake hiyo hiyo, nikapiga picha, nikatupia status. Watu waone.

Saa tisa fundi umeme akaja, akanusa. "Soketi inaungua hii. Zima kompyuta."

"Mlinzi hazimwi," mjomba akasema.

"Basi atazimika pamoja na duka."

Mjomba akazima kama anayefumba maiti macho. Soketi ikabadilishwa, tukawasha. Mlinzi akadai neno la siri.

Tukamtazama mjomba. Yeye akatazama chaki yake.

"Niliandika mara moja tu. Siku ya kwanza."

"Jaribu jina la mkeo," fundi akasema.

"Nimejaribu."

"La yule wa kabla yake?"

Hakuna aliyecheka. Saa tisa na nusu. Dada alikuwa anatafuna kucha.

Hapo nikakumbuka picha. Barua ilionekana, ila kidirisha changu cha majigambo kilifunika aya ya mwisho.

"Nisomee," dada akasema, keshakaa kwa Bi Harusi. Nikasoma, akachapa. Ile aya iliyofunikwa akaitunga upya. Mara ujumbe: mashine itajizima baada ya dakika tano.

"Mama, ngoja kidogo," dada akaibembeleza. Akabonyeza kutuma. Kioo kikawa cheusi.

Saa tisa na dakika hamsini na saba.

Simu ya dada ikalia. Akasoma, akampa mjomba: maombi yamepokelewa.

Mjomba akafuta 412. Akaenda mlangoni, akaandika sifuri ukutani juu ya Bi Harusi, akaitazama, akaifuta kwa kiganja.

"Huyu hahesabiwi," akasema, akarudi kubahatisha neno la siri.