Chai ya Desmond Wodini

Tangu apasuliwe nyonga, Desmond Horrocks aligoma kunywa. Maji hataki, juisi hataki, mchuzi hataki. Aligeukia ukuta, hata manesi wa hospitali wakamtundikia dripu. Mkewe, Glenys, ambaye ni jirani yangu tangu tuhamie huku Almería, Uhispania, alikuja kunieleza huku midomo ikimtetemeka kwa hasira.

"Unajua wamempa nini? Maji ya uvuguvugu, na kifuko cha chai kikavu kando kwenye kisahani! Na limau! Limau, Hilda! Mume wangu anakunywa chai ya maziwa tangu alipoacha kunyonya."

Nilitaka kucheka, lakini nilipoutazama uso wake nikaghairi.

Mkebe wa chai nyumbani kwao ulikuwa mtupu, na kifurushi alichotumiwa Glenys na dada yake kutoka Bolton, kwetu Uingereza, kilikuwa kimekwama forodhani. Tukaenda dukani. Rafu nzima ilikuwa majani ya mnanaa, maua makavu, chai ya kupunguza tumbo, na boksi moja lenye picha ya askari wa mfalme wetu na kofia yake ya manyoya. Glenys akalinusa.

"Hili ni vumbi la kufagia! Na hawaoni haya kumchora askari wetu!"

Tukaendesha gari hadi ufukweni, kwenye mkahawa wa Clive Ormerod, Mwingereza mwenzetu anayeletewa majani yake kutoka kwetu.

"Kikombe nitakupa, mama," Clive akasema. "Majani siuzi. Wateja wangu watakunywa nini?"

"Kikombe kitafika hospitali kimekuwa barafu! Clive, hiyo kaunta unayoiegemea nani alikupigia misumari? Si Desmond? Ulimlipa hata ahsante?"

Watu waliokuwa wakila mayai waliacha uma hewani. Masikio ya Clive yakaiva mekundu. Akaingia ndani, akarudi na vifuko vimefungwa kwenye kitambaa cha meza. Glenys akavitia mkobani.

Wodini Glenys akatoa kwenye mkoba birika la umeme, buli na chupa ya maziwa alivyobeba kutoka nyumbani. Nesi Encarna, mama mnene mwenye miwani, akamzuia.

"Bibi, birika haliruhusiwi humu. Likiwasha moto je?"

"Mgonjwa anakauka kama samaki wa ng'onda, na wewe unaogopa birika!"

"Usinipigie kelele. Hata mimi nimembembeleza tangu asubuhi, amenigeuzia mgongo."

Wakatazamana. Kisha nesi akashusha pumzi, akatupeleka kwenye chumba chao cha mapumziko.

Glenys hakuliondoa birika mpaka maji yalipotokota kwa fujo. Akasuuza buli kwa maji ya moto, akatia vifuko, akamimina, akalifunika kwa sweta yake mwenyewe. Encarna akanyoosha mkono avitoe.

"We! Usiguse!" Glenys akamchapa kidole. "Iache ikolee."

Ilipokolea ikawa nyeusi, na alipotia maziwa ikawa rangi ya vigae vya paa. Akaibeba mwenyewe hadi kitandani. Desmond alikuwa bado anatazama ukuta. Mvuke ukamfikia. Kichwa kikageuka polepole, mkono ukafuata. Akanywa kikombe chote bila kupumzika, akafumba macho.

"Mbona umechelewa hivyo?" akauliza.

"Nimechelewa? Nimegombana na mji mzima kwa ajili yako, zee jeuri!" Glenys akasema, kisha akaketi ghafla kitandani, akalia hadi kamasi zikamtoka. Desmond akampapasa mgongoni, akaomba kikombe kingine.

Jioni ile dripu ikaondolewa. Encarna, kwa kutaka kujua, alijimiminia kidogo kilichobaki kwenye buli. Akaonja, akakunja uso.

"Hii mnakunywa kwa hiari yenu?"

Sikuelewa Glenys alimjibu nini, maana alisema kwa lafudhi nzito ya kwao Bolton. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akilirudia swali la nesi, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba ni mimi niliyeliuliza.