Laini Inayoshika Mahurunga

Mwaka 2005 kijiji cha Mahurunga kilimtuma Tatu Mnali mjini Mtwara akanunue simu ya zahanati. Alichaguliwa yeye kwa sababu masika yaliyopita mdogo wake alifariki kwa uzazi, wakati Omari, mume wa marehemu, akikanyaga baiskeli kwenda mjini kutafuta gari.

Dukani muuzaji alimwekea simu ya kukunja, yenye kamera.

"Hii ndiyo ya kisasa, mama. Weka laini ya Nuru, usiku unapiga bure."

"Inashika Mahurunga?"

"Inashika kote."

"Wewe umefika Mahurunga?"

Muuzaji akacheka. Tatu hakucheka. Aliuliza betri inakaa muda gani, akaambiwa siku moja. Zahanati haikuwa na umeme. Akairudisha simu, akanunua laini mbili tu za mitandao tofauti, ya Nuru na ya Sauti, pamoja na vocha ya kila moja.

Kijijini alipokewa kwa maneno makali.

"Tumekutuma simu, umetuletea vikadi!" alifoka Kasiani, mwenyekiti wa kamati. "Au hela umekula?"

Tatu akaziweka hela zote zilizobaki mbele yake. "Nipeni siku mbili nizijaribu. Simu isiyoshika itatusaidia nini?"

Akaazima simu ya Raimundo, mchuuzi wa samaki wakavu ambaye kila wiki alivuka Ruvuma kwenda kwao Msumbiji. Mke wake, Yolanda, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Laini ya Nuru ilionyesha vijiti vyote vya mtandao, watu wakashangilia. Tatu akampigia Athumani, dereva wa gari la wagonjwa mjini. Vocha ikaisha kabla hawajamaliza kusalimiana. Akatazama vizuri kwenye kioo: jina la mtandao lilikuwa la ng'ambo. Simu ilikuwa imenasa mnara wa Msumbiji. Akaweka laini ya Sauti, akazunguka nayo kijiji kizima hadi jua likazama. Haikuonyesha hata kijiti kimoja.

Siku ya pili, saa sita mchana, alikuwa bado anazunguka kwenye mikorosho nyuma ya zahanati aliposikia sauti ya muuguzi Veronika.

"Tatu! Yolanda anatoka damu! Siwezi kuizuia hapa, piga simu!"

Raimundo alifika mbio, akaipokonya simu na kuanza kuifungua. "Weka Nuru! Ile ina vijiti!"

"Ni vya ng'ambo, Raimundo. Na vocha imekwisha."

"Nitanunua nyingine!"

"Wapi? Mpaka urudi itakuwa saa ngapi?" Tatu akamshika mkono. "Nipe, kaka. Nakuomba."

Raimundo alipoivuta simu, kadi ya Sauti ikaanguka kwenye majani makavu. Wote wawili wakapiga magoti, wakipapasa. Tatu akaiona, akaifuta kwa kanga, akairudisha mahali pake. Akapanda mteremko mbio, macho kwenye kioo. Hakuna kitu. Mbele yake palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Akakunja kanga, akakiparamia kwa mikono na magoti, akasimama juu yake.

Kijiti kimoja.

Akapiga. Ikaita, ikakatika. Akapiga tena, asithubutu hata kugeuza shingo.

"Haloo?" Alikuwa Athumani.

"Mahurunga! Zahanati! Mama mjamzito, damu nyingi, njoo sasa hiv..."

Simu ikakatika. Alijaribu mara tano zaidi, haikuita.

"Amesikia?" Raimundo aliuliza kutoka chini.

"Sijui," Tatu alisema.

Hakushuka. Aliogopa Athumani akipiga asimpate. Jua lilimchoma, magoti yake yakichuruzika damu, na kutoka zahanati alimsikia Yolanda akimwita mama yake kwa Kimakonde, kisha akanyamaza. Ule ukimya ulimtisha kuliko kelele. Raimundo alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Ilipita saa nzima, ikaanza nyingine. Tatu akawa anajiuliza kama amemwua mwanamke yule kwa ubishi wake.

Kisha akaona vumbi barabarani.

Jioni ile Yolanda alipasuliwa katika hospitali ya mjini. Baada ya siku tatu Raimundo alirudi na habari: mama ameongezewa damu, anakula uji, mtoto ni wa kike, mdogo mno, lakini ananyonya.

Wiki iliyofuata Kasiani mwenyewe alifuatana na Tatu dukani. Hakuomba radhi, ila muuzaji alipoanza kusifu simu zake alimkatiza: "Msikilize huyu mama." Tatu akachagua simu ya vitufe, ya bei ndogo, ambayo betri yake ilikaa siku nne, akaweka laini ya Sauti.

Kijijini wapo walionung'unika kwamba ni simu gani hii, mtu akitaka kuongea lazima apande kichuguu kama mbuzi. Tatu aliwaacha waseme. Alichukua jembe, akaenda kuchonga ngazi.