Mwakilishi wa Wazazi

Kila mwaka, mkutano wa wazazi ukifika kwenye kumchagua mwakilishi, darasa zima linatafuta kitu sakafuni. Anayeinua uso ndiye anayetwishwa kazi. Jioni ile mimi niliinua uso kwa raha zangu, maana nilikuwa namtazama Wakili Stahnke.

Alikaa nyuma kabisa kwenye kiti cha mtoto, koti hajavua, magoti yanakaribia kidevu. Miaka mitatu nyuma alizunguka mji mzima akikusanya saini ili watoto waendelee kutenganishwa katika shule tofauti baada ya darasa la nne. Mlangoni kwangu aliniambia, "Usijali, Bi Pohl. Mwanao ana mikono mizuri." Akashinda. Wa kwake akaenda shule ya gimnasia, huko wanakoandaliwa kwa chuo kikuu. Wangu akaja hapa, kwenye shule ya kazi za mikono. Sasa Konstantin wake ameanguka mitihani mara mbili, gimnasia imemtema, na baba mtu anaomba jambo moja tu: mji usijue.

"Nampendekeza Wakili Stahnke," nikasema.

Vichwa vyote vikageuka. Akaiva kama nyanya.

"Bi Pohl, mimi bado mgeni hapa..."

"Ugeni gani, Bwana Wakili? Milango yetu yote umeigonga. Mleta barua mwenyewe hakufikii!"

Watu wakacheka. Mwalimu Odenthal, aliyekuwa anatamani kwenda zake nyumbani, akauliza, "Unakubali?"

"Nina kazi nyingi mno."

"Hulazimishwi," nikamwambia kwa sauti ya asali. "Kama unaona shule yetu haikufai, sema tu. Mwalimu wa mwanao yupo, anakusikia."

Alimtazama mwalimu. Akanitazama mimi.

"Nakubali," akasema, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Mikono ikapanda yote. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Tulipokuwa tunapandisha viti juu ya meza, akaninong'oneza, "Unanilipizia."

"Ndiyo. Na ni tamu, nisikudanganye." Kisha nikapaza sauti: "Mwalimu! Sikukuu ya mji, mwakilishi si ndiye anayetuchomea soseji? Basi safari hii jiko liwekwe mbele ya lango la gimnasia."

"Wazo zuri," akasema Odenthal, ambaye hakujua lolote.

"Pale?" Stahnke akauliza.

"Pale pale, Bwana Wakili. Wateja wote unawajua kwa majina."